Kipimo kwanza, kikatio baadaye: nilivyojifunza kuchagua vifaa vya kuandaa maganda ya risasi

Risasi sita za kwanza zilipita vizuri. Ya saba nilipoisukuma ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kushusha mkono wa bolti inayoifungia humo, ukagoma mwishoni. Haukukwama. Uliweka uzito kidogo tu, ule ambao mtu mwenye haraka huumalizia kwa kiganja. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yangu pale kwenye uwanja wa shabaha, mtu aliyeanza kujaza risasi zake mwenyewe, yaani kuyatumia tena maganda yaliyofyatuliwa, kabla sijazaliwa, aliuona mkono wangu ukisita.

"Mwanangu, usiilazimishe. Itoe."

Nikaitoa, mtutu ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha. Akaigeuzageuza mkononi, kisha akaniuliza ganda lake lina urefu gani. Nikamjibu kwamba maganda yote nilikuwa nimeyakata.

"Sijauliza kama umeyakata. Nauliza lina milimita ngapi."

Sikuwa na jibu. Meza yangu ilikuwa imejaa vifaa vya kusafishia, vya kukatia na vya kusugulia, lakini cha kupimia hapakuwa na hata kimoja. Jioni hiyo niling'oa vichwa vya risasi zote 44 zilizobaki kwa nyundo ya kung'olea, nikaazima kalipa ya yule mzee, kile kipimo kinachobana kitu kati ya midomo miwili, nikapima ganda moja baada ya jingine. Bunduki yangu ni ya risasi za aina ya .308 Winchester. Ganda lake halitakiwi kuzidi milimita 51.18, na vitabu vya kujazia hushauri likatwe hadi 50.93. Kati ya yale 44, maganda 11 yalikuwa yamevuka ukomo. Lililo refu kuliko yote lilisoma 51.42.

Robo ya milimita huwezi kuitofautisha kwa jicho. Ila chemba ina mahali shingo ya ganda inapotakiwa kuishia. Shingo ikizidi hapo, mdomo wa ganda hugota kwenye ukingo wa chemba, hujikunja kwa ndani na kukibana kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Baruti ikiwaka, kichwa hakiachiliwi upesi kama inavyotakiwa, na shinikizo linapanda kupita hesabu ya aliyeandika jedwali la baruti. Ule uzito mdogo nilioupata kwenye mkono wa bolti ulikuwa mdomo wa ganda ukijikunja.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kweli nilikuwa nimeyakata. Nilichukua maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, nikayasafisha, nikayakata yote, ndipo nikayapitisha kwenye kalibu ya kuyarudisha umbo. Nilifuata mpangilio huo kwa sababu kikatio kilifika nyumbani kabla ya kalibu, na nilikuwa na hamu ya kukitumia. Kalibu inapolibana ganda kutoka ubavuni, shaba haina pa kwenda ila juu, kuelekea bega, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, na shingo. Kisha ile tufe iliyo ndani ya kalibu, inayotanua shingo wakati ganda linatoka, huivuta shingo juu tena kidogo. Kwa hiyo ganda lililokatwa vizuri kabla ya kubanwa linatoka refu tena, na kila moja kwa kiasi chake. Kukata ni baada ya kubana.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wanaoanza kujaza risasi huniuliza swali moja: wanunue kikatio gani? Nami huwauliza kwanza wanapimia nini. Hesabu za baruti sitazigusa hapa. Hizo zinatoka kwenye kitabu cha kujazia cha mtengenezaji, na kila mtu aanze kwa kujua sheria ya nchi yake inasemaje kuhusu kujaza risasi nyumbani. Ninachokizungumzia ni ganda lenyewe kabla halijatiwa kitu chochote.

Kalipa niliyonunua baadaye ni ya dijitali, ya milimita 150, inayoonyesha hadi 0.01. Haikuchukua muda nikagundua kwamba kuonyesha 0.01 na kuwa sahihi kwa 0.01 ni mambo mawili. Betri ikianza kuchoka, sifuri inahama. Uchafu kidogo kwenye midomo ya kalipa unatosha kukupa jibu jingine. Mpaka leo kabla ya kupima chochote nabana kipande cha karatasi laini kati ya midomo yake, nakivuta taratibu kusafisha, nafunga, naangalia sifuri, kisha napima kipande cha chuma ambacho kipimo chake nakijua. Kalipa ambayo kila siku inakipa kipande hicho jibu lile lile inanitosha. Zile nilizowahi kuazima ambazo sifuri yake ilikuwa ikitembea nilizirudisha, hata kama zilikuwa nzuri kwa macho.

Kipimo cha pili kilichonibadilisha ni kile kidude kinachofungwa kwenye kalipa kwa skrubu ili kupima umbali kutoka kitako cha ganda hadi bega. Ni kipande kidogo cha alumini chenye tundu. Tundu linakaa katikati ya mteremko wa bega, na kalipa inasoma urefu hadi hapo. Laiti ningekipata mapema.

Karatasi iliyokuja na kalibu yangu ilisema niishushe kwenye presi, ile mashine ya kusukuma ganda ndani ya kalibu, hadi iguse kishikio cha ganda, halafu niizungushe kidogo zaidi. Nikafanya hivyo, bega likarudi nyuma, maganda yakaingia kwenye chemba kama maji. Nikafurahi. Kwenye ujazo wa tano, yaani maganda yale yale yakijazwa mara ya tano, nilianza kuona kwenye baadhi yao mstari unaong'aa, umezunguka ganda kama pete, karibu sentimita moja juu ya kitako. Sikujua maana yake. Nikampelekea mzee.

Alichukua waya mwembamba, akaukunja ncha iwe kama ndoano ndogo, akaiingiza ndani ya ganda na kuivuta taratibu kutoka chini kwenda juu, ncha ikisugua ukuta. Kisha akanipa mimi nijaribu. Nikafumba macho. Ncha ilipanda juu ya shaba laini, ikadumbukia kidogo, ikatoka, ikaendelea. Pale ilipodumbukia ndipo ulipokuwa ule mstari unaong'aa upande wa nje. Ukuta wa ganda ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba pale. Ujazo mmoja au miwili mbele, ganda lingekatika vipande viwili ndani ya chemba, na gesi moto ingetafuta njia ya kurudi upande wa uso wangu.

Sababu ilikuwa vile nilivyoseti kalibu. Maganda yaliyotoka kwenye bunduki yangu, kwa kipimo cha kile kidude, yalisoma 41.50. Yakitoka kwenye kalibu yalisoma 41.25. Nilikuwa nasukuma bega nyuma kwa robo milimita kila mara. Kila risasi ilipofyatuliwa, ganda lilishika kuta za chemba upande wa mbele, kitako kikarudi nyuma hadi kwenye bolti, na shaba iliyo katikati ikatanuka. Ukirudia hivyo mara tano, lazima ikonde. Siku hizi kwa bunduki ya bolti narudisha bega kwa karibu 0.05 tu, kiasi kinachotosha bolti ifunge bila kubishana. Kalibu ni ile ile na presi ni ile ile. Nilichoongeza ni kipande cha alumini cha kupimia, na maganda yakaacha kuchora ile pete.

Yale yenye pete niliyabonda kwa koleo yote ili nisije nikayasahau na kuyachanganya na mazima.

Sasa vikatio. Nimetumia vya aina tatu, na kinachovitofautisha hasa ni mahali kinaposhika ganda ili kupata kipimo chake, maana ndipo kosa linapoingilia.

Cha kwanza ni kile rahisi cha kampuni ya Lee. Ni kisu chenye pini ndefu. Pini inapita ndani ya ganda, inapenya tundu la moto, lile dogo la kitakoni linalopitisha moto kwenda kwenye baruti, na kugota kwenye kishikio upande wa chini. Hakuna cha kuseti. Urefu wa pini ndio urefu wa ganda, na kila aina ya ganda ina pini yake. Ukikifunga kwenye drili ya betri, kazi inaenda. Kwa mtu anayejaza risasi 50 kwa mwezi za bunduki moja, naona hakuna sababu ya kutafuta kingine. Tahadhari yangu ni moja: tundu la moto likiwa na uchafu, au takataka zikinasa chini ya kishikio, kipimo kinapotea bila wewe kujua. Pima la kwanza, pima la kumi, pima la mwisho.

Cha pili ni cha mkono wa kuzungusha, kinachofanana na mashine ndogo ya kukereza. Kiko cha kampuni ya L.E. Wilson ambacho ganda linagongwa taratibu ndani ya kishikilio cha chuma chenye mteremko sawa na wa ganda lenyewe, kishikilio kinalala juu ya reli mbili, na kisu kinakuja kwa mbele. Hiki ndicho ninachokipenda. Mdomo unatoka umenyooka kabisa, na mkono unasikia shaba inavyokatika. Ganda likiwa na shaba ngumu kuliko wenzake, unalijua kabla hata hujaliangalia. Ila ni cha taratibu. Siku niliyokata maganda 200 kwa mkono, kidole gumba kilitoka lengelenge, na yale 40 ya mwisho sikuyakata kwa uangalifu ule ule niliokatia ya kwanza. Uchovu nao lazima uuhesabu unapochagua kifaa. Chombo sahihi kinachokuchosha hadi ukaacha kuangalia hakikupi tena usahihi.

Cha tatu kinafungwa kwenye drili au mota, na kinagota kwenye bega badala ya kitako. Unasukuma ganda ndani, linakatwa kwa sekunde chache, unatoa. Kwa kazi ya wingi ni rahisi mno. Ila kwa sababu kinaanzia begani, bega likiwa mahali tofauti kwenye kila ganda, nao urefu utatofautiana. Kwa hiyo anayekinunua kabla hajaweza kuseti kalibu yake vizuri ananunua kasi ya kukosea. Kwangu kilianza kunifaa baada ya kile kidude cha kupimia bega. Bega likiwa halihamihami, maganda 100 yanatoka yakipishana kwa 0.03 hivi, na hiyo kwangu imetosha kabisa.

Baada ya kukata, mdomo unabaki na ukingo mkali ndani na nje. Kifaa cha kuutoa ni kidogo chenye ncha mbili, kinashikwa kwa vidole, na hapa sina maneno mengi: nunua chenye visu vikali, zungusha mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, acha. Nilipoanza nilidhani kuzungusha zaidi ni kufanya vizuri zaidi, nikawa nanoa mdomo wa ganda hadi unakuwa kama wembe, na ukingo mwembamba hivyo hupasuka mapema. Kipitishe kidole. Kisipokwaruzwa, inatosha. Vichwa virefu vyenye mkia uliochongoka huingia bila shida. Vile vyenye kitako bapa ndivyo vinavyohitaji mteremko mzuri upande wa ndani, la sivyo mdomo unakikwangua kichwa wakati wa kukikandamiza.

Kwenye kishimo cha fataki, yaani kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa, nilipoteza maganda mengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Nilipata maganda ya kijeshi, mengi. Maganda ya kijeshi mara nyingi huwa yamebanwa kuzunguka fataki: shaba ya ukingo wa kishimo imekandamizwa kidogo kwa ndani ili fataki isichomoke kwenye silaha zinazofyatua mfululizo. Ukiisukuma nje fataki ya zamani, ule mbano unabaki, na fataki mpya haiingii. Ikilazimishwa inapondeka, na fataki iliyopondeka si kitu cha kuchezea. Lazima mbano uondolewe. Njia ni mbili: kuukata kwa kisu, au kuusukuma urudi ulipotoka kwa chuma chenye umbo la kishimo.

Nilichagua kisu kwa sababu kilikuwa rahisi kupata, nikakifunga kwenye drili, nikashika maganda kwa mkono. Drili ina nguvu kuliko vidole. Ganda likiyumba kidogo tu, kisu kinakula upande mmoja. Niliyamaliza, nikayaweka fataki, na nyingine ziliingia kwa ulaini ambao ulinitia shaka. Nikagonga moja juu ya meza, kabla ya kutia baruti, na fataki ikasogea. Nilipima vishimo, fataki kubwa ya bunduki inakaa kwenye kishimo cha karibu milimita 5.3, na vya kwangu vingi vilikuwa vimekuwa yai. Maganda 38 yakaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Fataki isiyoshikwa vizuri inavujisha gesi, na gesi hiyo inachimba uso wa bolti kama maji yanavyochimba udongo.

Tangu hapo natumia chombo cha kusukuma, kile kinachofungwa kwenye meza, chenye fimbo moja inayoshikilia ganda kwa ndani na chuma kinachoingia kishimoni kwa nje. Hakiondoi shaba, kinaipanga tu. Ukubwa wa chuma hauwezi kubadilika kwa sababu mimi nimechoka. Udhaifu wake ni kwamba unakiseti kwa unene wa kitako, na vitako vya viwanda tofauti havilingani, kwa hiyo ni lazima utenge maganda kwa mhuri ulioko kitakoni kwanza. Kazi ya kutenga ni ya kuchosha lakini haiharibu kitu. Kama una maganda kumi tu ya namna hiyo, kisu cha mkono, bila drili, kwa mizunguko michache, kinatosha. Usikifunge kwenye mota. Hilo nalisema kwa kila anayekaa kwenye meza yangu.

Jambo jingine la huko chini: kabla ya kung'oa fataki ya ganda usilolijua, limulike ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, ni la mfumo wa Boxer, na pini ya kalibu, ile inayosukuma fataki nje, itapita. Ukiona matundu mawili madogo pembeni, ni la Berdan, na pini yako itagota kwenye chuma kigumu na kuvunjika. Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, wote mifumo yao ni ya miaka ya 1860, na ajabu ni kwamba Wamarekani wakashika ule wa Mwingereza huku ule wa Mmarekani ukienea sana kwenye majeshi ya Ulaya. Nimevunja pini tatu. Baada ya ya pili nilinunua kalibu ndogo isiyobana chochote, kazi yake kung'oa fataki tu, ili pini ikivunjika isiniharibie kalibu nzuri. Pia maganda machafu hayaingii tena kwenye kalibu ya kubana, na mikwaruzo niliyokuwa nikiiona ubavuni mwa maganda ikaisha.

Kusafisha watu hukupenda kwa sababu kunaonekana. Mimi mwenyewe mashine ya kwanza kununua ilikuwa ya kusafishia, ile inayotikisa maganda ndani ya chembechembe za maganda ya jozi au magunzi ya mahindi. Maganda yalitoka yaking'aa nikadhani nimeyaandaa. Mng'ao hauonyeshi ganda lina urefu gani wala ukuta wake umebaki na unene kiasi gani. Tena nilikuwa nikifungua kifuniko chumbani na kuzipepeta zile chembechembe hapo hapo, nikivuta lile vumbi la kijivu. Masalia ya fataki yana madini ya risasi, yaani ledi, na madini hayo yanaingia mwilini kwa pumzi na kwa vidole vinavyokwenda mdomoni. Siku hizi mashine iko nje, uso naufunika, na mikono naosha kwa sabuni na maji baridi kabla sijagusa chochote cha kula.

Baadaye nikahamia kwenye pipa la maji lenye pini ndogo za chuma kisichoshika kutu. Linasafisha hata ndani ya kishimo cha fataki, na halina vumbi. Lakini lina yake. Pini hunasa: mara nyingine mbili hubanana bega kwa bega ndani ya tundu la moto na hazitoki hata ukitikisa, kwa hiyo nalimulika kila ganda. Maji yanayobaki ndani yanaharibu baruti, kwa hiyo naliacha kila moja likauke siku nzima au zaidi, midomo ikiangalia chini. Na yakizunguka kwa saa nyingi, midomo inagongana na kufanya ukingo, ndiyo maana nasafisha kabla ya kukata wala si baadaye. Dawa yoyote ya kung'arishia yenye amonia naikataa. Shaba ya maganda, ambayo ni takribani asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, hupasuka yenyewe ikikaa na amonia. Jeshi la Uingereza liliyaona hayo India karne ya 19, maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yakapasuka msimu wa mvua bila kuguswa na mtu.

Kuhusu mafuta ya kupaka kabla ya kubana, naeleza kwa ufupi kwa sababu kosa ni moja na kila mtu hulifanya mara moja. Nilipaka kidogo mno, ganda likanasa ndani ya kalibu, kitako kikachanika nilipolivuta. Nikatoboa kitako, nikakata uzi wa skrubu, nikalivuta kwa bolti na nati mpaka likatoka, jioni nzima ikaisha hapo. Mara iliyofuata nikapaka mengi mno, na mafuta yasiyo na pa kwenda yakabonyeza bega likafanya vishimo. Ninayotumia sasa ni nta laini ya kopo, kidogo tu katikati ya vidole viwili, ubavuni, begani nisiguse. Kisha nayafuta yote kabla ya kuendelea.

Mashine ya vituo sita, ile ya umeme yenye brashi na visu vinavyozunguka kila kona, niliwahi kuwa nayo na nikaigawa. Haikuwa mbaya. Ila nilijikuta nikipitisha ganda kwenye vituo vyote sita kwa kuwa vipo, hata pale ambapo vitatu havikuhitajika.

Kilichobaki ambacho bado nakifikiria ni kulainisha shingo kwa moto. Shaba kila ikibanwa na kutanuliwa huwa ngumu, na maganda yangu mazuri yalianza kupasuka shingoni kwenye ujazo wa saba, wa nane. Moto kidogo kwenye shingo na bega huirudisha hali yake. Kitako kisiguswe kabisa na joto hilo, maana ugumu wa kitako ndio unaobeba shinikizo lote, na ganda lililolainika kitako halirudi tena kazini. Zipo mashine zinazogeuza ganda mbele ya moto kwa sekunde zilizohesabiwa, na bei yake inatosha kununua maganda mapya mengi tu. Mimi nazungusha ganda moja moja kwenye kishikilio kilichofungwa kwenye drili ya polepole, nimepaka ndani ya shingo alama ya rangi inayobadilika kwa joto, taa imepunguzwa, na alama nyingine kama hiyo iko chini ya bega kunionya. Alama ya chini ikianza kugeuka, ganda hilo halijazwi tena. Juzi katika maganda 30 niliyatupa mawili kwa njia hiyo. Bado sijaamua kama mawili kati ya 30 ni sababu ya kununua mashine au ni sababu ya kutuliza mkono, kwa hiyo naandika idadi kwenye daftari kila kundi, pembeni ya vipimo vya urefu.